KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA: MAMA MWANSA NA NENO "ANAKATAA"

Kamati ya Familia, Nyumba ya Wazee Pumziko, Kampemba, Lubumbashi
Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: chumba cha kulia cha wazee

Waliohudhuria: Papa Aimé, mwenyekiti, Mama Christiane, katibu, Mama Myriam, binti wa Mama Mwansa, mzee anayetunzwa katika nyumba hii, Bwana Adalbert, mkurugenzi, Annie, muuguzi, Guelord, mlezi mpya wa wazee, aliyeitwa ajieleze.

Asiyehudhuria: Bwana Mapalo, mjumbe. Alitoa taarifa kwamba amekwenda uwanja wa ndege wa Luano kupokea mgeni. Kikao kilichopita pia alikuwa Luano. Kamati inawasalimu wageni wake wote.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kwa sala, akaomba watu wasipandishe sauti kwa kuwa wazee walikuwa wamepumzika. Sauti zilipanda hata kabla hajakaa.

KUMB. NA. 2/2025: MALALAMIKO YA MAMA MYRIAM
Mama Myriam alianza kwa shukrani. Alisema tangu miguu ya mama yake ilipokosa nguvu, nyumba hii imemtunza vizuri, na mama alikuwa akicheka kila alipotembelewa. Lakini tangu mwezi uliopita mama amekonda, nguo zake zina madoa ya uji, na mikono yake ina alama za kushikwa kwa nguvu. Alisema hakuja kugombana. Kisha aligombana.

Mkurugenzi alijibu kwamba wafanyakazi ni wachache, na kwamba kila siku wanaandika kuhusu mama huyo neno moja: "anakataa". Anakataa kula, anakataa kuoga. Kwa hiyo aliagiza Annie amshike mikono na Guelord amlishe, maana mzee hawezi kuachwa afe njaa.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mtu aliyemuuliza mama anakataa kwa nini. Hakuwapo hata mmoja. Mwenyekiti alieleza kwamba kumtendea mzee vibaya si kumpiga na kumtukana tu. Mtu mzima akishikwa mikono na kusukumiwa uji mdomoni ameonewa, hata kama waliofanya hivyo hawakuwa na hasira. Na kutomuuliza ni kumtelekeza, hata kama shuka zake ni safi.

Mkurugenzi alisema mwenyekiti, tangu achaguliwe, hajaona jema lolote katika nyumba hii. Mwenyekiti alitaka hilo liandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 3/2025: MAELEZO YA GUELORD
Mama Myriam alisema alichungulia dirishani na kumwona Guelord akimlisha mama yake huku ametazama mlango. "Analisha mama yangu sawa vile anamwagia kuku chakula! Hata kumuangalia, apana!" Alitaka Guelord afukuzwe leo hii.

Mwenyekiti alipomtaka Guelord ajieleze, alisema: "Papa président, ule mama iko mukwe yangu. Nilioa Bénie, mutoto ya mudogo yake wa Pweto. Ntamuangalia mu kinywa namna gani?"

Guelord alieleza kwamba ndoa ilifungwa Pweto na Mama Mwansa hakuweza kusafiri. Siku ya kwanza ya kazi alimsalimu na kumtajia jina la mke wake. Hapo hapo mama alijifunika uso kwa kitenge, na tangu siku ile hakula wala hakukubali kuogeshwa mbele yake. Mama Myriam alikiri kwamba naye hakwenda kwenye ndoa ile, na hakuwahi kuona sura ya shemeji yake.

Katibu anaandika hapa kwa faida ya watakaosoma: kwetu mama mkwe na mkwe wake hawaangaliani usoni, wala hawali mmoja mbele ya mwingine, na dada wa mama ni mama. Sisi sote tuliokaa kwenye meza ile tunajua hivyo tangu utoto. Tuliona haya.

Alipoulizwa kwa nini hakusema, Guelord alijibu: "Nilikuwa mupya. Niliogopa banifukuze."

Mwenyekiti alisema heshima ya ukwe haifuti alama mikononi, na kijiko kiliendelea kuingia. Guelord alikubali. Annie alilia, akasema: "Mi njo nilimushika. Sikumuuliza hata siku moya. Munisamehe."

KUMB. NA. 4/2025: MAAZIMIO
Guelord asifukuzwe, ahamie leo upande wa wanaume. Mzee yeyote asishikwe tena kwa nguvu ili ale. Neno "anakataa" lisiandikwe bila sababu kutoka kinywani mwa mzee mwenyewe. Mkurugenzi alikubali yote, akamwomba radhi Mama Myriam, na akaomba iandikwe kwamba yeye ndiye wa kwanza kuomba radhi. Katibu anakumbusha kwamba wa kwanza ni Annie. Hata hivyo, kamati inamshukuru mkurugenzi kwa moyo wote, maana wapo wakubwa wasioomba radhi kabisa.

KUMB. NA. 5/2025: KAULI YA MAMA MWANSA
Mama Mwansa aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alipomwona Guelord alijifunika uso, akazungumza kupitia binti yake: "Myriam, uambie ule bwana ya Bénie, niliona vile alikuwa anageuza uso. Aksanti sana. Mama yake alimulea muzuri."

Kisha alifunua uso kidogo upande wa Annie. "Weye, mutoto yangu, ulikuwa unanishika mikono. Miye nilikuwa nangojea uniulize tu."

Annie alipiga magoti na kuuliza: "Mama, unataka kula nini?"

"Bukari na samaki. Na nitakula na mukono yangu miye mwenyewe."

Guelord alitoka nje bila kuambiwa, akafunga mlango.

KUMB. NA. 6/2025: KUFUNGA
Mengineyo hayakujadiliwa. Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwa sababu meza ilihitajika kwa ugali na samaki.

Papa Aimé, Mwenyekiti ....................

Mama Christiane, Katibu ....................