Askari wa Mninga

Jumatatu, 7 Julai 1947

Kwenye kinu cha pamba tangu saa moja. Nimetengeneza mlango wa ghala la pamba na kubadilisha bawaba tatu. Vumbi la pamba hadi kwenye meno. Saa kumi nimetoka mbio.

Nyumbani, tezo na patasi. Mkono wa kushoto wa askari wangu umekwisha. Vidole vitano, na kucha zake. Nimeuunga begani kwa pini ya chuma. Nimevuta kamba, ukapanda, ukapiga saluti. Nimecheka peke yangu uani. Kabula anasema nimemletea mke mwenza wa mninga.

Mashindano ya ngoma ni tarehe mbili Agosti. Miguu bado. Kichwa bado ni gogo.

Jumatano, 9 Julai

Masalu amekuja kukagua. Ndiye ningi wetu, kiongozi wa ngoma yetu ya Bagalu, na subira hana. Amelizunguka gogo mara tatu. Anataka kujua kama huyu askari atavuta watu.

Ndilo jambo zima hilo. Sisi Bagalu na wenzetu Bagika tunacheza uwanja mmoja, saa ile ile, na mshindi ni yule ambaye watu wamemwendea. Uwe na dawa kali, uwe na nyimbo tamu, watu wakikupa mgongo umekwisha. Mwaka jana walitupa mgongo. Mimi nilikuwa bado sijarudi, nasikia wenzangu walibaki wanachezea wake zao na mbwa mmoja.

Habari mbaya: Bagika wana eropleni. Wameitengeneza kwa mabati ya madebe, wameisimika juu ya mti, na mapanga yanazunguka. Nimekwenda kuchungulia. Inafanana na bata. Lakini inazunguka.

Ajabu ya mambo haya. Kabla ya vita watu walikuja na chatu, na nungunungu, na vinyago vya kuchekesha. Tumerudi kutoka Burma, na sasa kila kundi lina bunduki ya mti. Hata kuta zimebadilika. Kwa shemeji yangu, pale palipochorwa nyoka kwa chokaa, sasa pana lori na watu sita wenye kofia ndani yake. Aliyelichora hajafika hata Tabora. Amelitoa midomoni mwetu. Sisi tunasimulia vilabuni, wenzetu wanachora.

Mimi vilabuni sisimulii. Nachonga.

Jumapili, 13 Julai

Sura imetoka.

Wiki nzima nilikuwa naogopa. Nilidhani nimemsahau. Miaka miwili na nusu si michache. Lakini mkono ulikuwa unajua. Paji la uso, halafu nyusi, halafu mdomo wake ule wa kutaka kucheka mahali pasipochekwa. Saa sita mchana Kulwa akawa ananitazama kutoka kwenye gogo. Nilikaa chini. Kisha nikaanza kurukaruka uani mpaka Kabula akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Kulwa. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukacheza Bagalu pamoja, tukaingia Keya, jeshi la Mfalme, siku moja. Mimi niliwekwa kwenye simu, yeye akapewa kubeba waya nyuma yangu. Alikufa huko huko nyuma yangu, kwenye kivuko cha mto. Sijamweleza mtu yeyote alivyokufa. Sijamweleza hata mama yake, naye anakaa mashamba matatu tu kutoka hapa. Nikikutana naye njiani namwamkia haraka, napita. Najionea aibu.

Nataka jambo moja tu. Huyu wa mbao asimame uwanjani mbele ya watu wote, waseme, Kulwa amerudi.

Jumatatu, 14 Julai

Kinuni nimejipiga nyundo kidoleni mara mbili. Akili iko uani.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempaka rangi. Udongo mwekundu na masizi kwa ngozi, chokaa kwa meno, kaptula na shati langu la khaki mwilini. Chini nimempa gurudumu la toroli, miguu inaning'inia pembeni yake, na nyuma kuna fimbo mbili za kumsukumia na kuvutia kamba. Ni mrefu kuliko mimi. Anatisha kidogo. Anapendeza sana.

Leo watu wamejaa uani. Nilisimama kando nasubiri mmoja alitaje jina. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Akasema, "Huyu si Doto huyu?"

Wote wakaitikia. Doto, Doto mtupu.

Nilikasirika nikaingia ndani. Doto ni pacha wake. Kweli walifanana, lakini mimi sikumchonga Doto. Tangu nirudi sijamwona hata siku moja, yuko Geita, machimboni kwenye dhahabu. Mimi nikiiona sura hii nauona mto. Wao wakiiona wanamwona jamaa aliyekuwa hapa mwaka jana akicheza. Kulwa kwao ameshafutika. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Mjinga mimi.

Jumamosi, 19 Julai

Balaa. Wazee wanne wa Bagika wamekuja, wamevaa makoti, na kukaa hawakutaka. Doto ni mchezaji wao. Alihamia kwa wakwe zake na kuingia ngoma yao, na kila mwaka hurudi kutoka Geita kuwachezea. Mwaka jana ndiye aliyetumaliza. Sasa wanasema nimemchonga mtu aliye hai ili nimfunge miguu. Eti kila kamba ninayoivuta hapa, yeye huko anapooza. Wanasema uchawi wa namna hii hata mababu hawakuufanya.

Nimewaeleza kwamba ni Kulwa. Mkubwa wao akaniuliza kama kuna mtu mwingine yeyote aliyesema hivyo.

Masalu kwa upande wake amefurahi. Anasema kesi hii imeshatuletea nusu ya watu. Nilitaka kumpiga na tezo.

Jumapili, 20 Julai

Tumeitwa kwa ng'wanangwa, mkubwa wa kijiji chetu. Amesikiliza pande zote huku akisafisha kiko. Hukumu: sanamu lisitoke. Ila Doto mwenyewe akija siku ya ngoma, alitazame mbele ya watu. Akisema ni ndugu yake, litacheza. Akisema ni yeye, litachomwa pale pale.

Wamempelekea habari Geita kwa dereva wa lori.

Lichomwe. Nimerudi njia nzima nikilisema neno hilo.

Jumanne, 22 Julai

Masalu ana shauri jipya. Nipunguze pua, nipake uso chokaa, nimfanye ofisa wa Kizungu mwenye kitambi anayeanguka akipiga saluti. Watu watakufa kwa kucheka, Bagika watakosa kesi. Si shauri baya. Ni zuri, ndilo linaloniudhi. Nimesimama mbele ya sura na patasi nimeishika. Nimeiweka kwenye pua.

Nimeshindwa. Kabula alikuwa mlangoni ananitazama, akasema, "Ukimkata tena, safari hii utakuwa wewe uliyemuua." Amesema hivyo, akaenda kuteka maji.

Kumbe siku zote alijua najilaumu kwa kifo chake. Sikumwambia.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepata. Siyo usoni. Miguuni.

Asubuhi nilikuwa nazifunga kamba upya, nikazikosea. Mguu wa kushoto ukatoka pamoja na mkono wa kushoto. Nikataka kufungua. Nani alitembea hivi duniani isipokuwa mtu mmoja?

Tulipoandikishwa, tulifundishwa kwata wiki mbili kwenye uwanja wa boma, Shinyanga, kabla ya treni. Kila mtu mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Kulwa upande mmoja kwa pamoja, kama mlango unaofunguka na kufungwa. Njiani alitembea kama watu. Akiamriwa tu, basi. Sajenti alimtukana mpaka sauti ikamkauka. Doto alikuja kila siku akasimama nje ya uzio, anacheka mpaka anashika tumbo.

Nimeziacha kamba kama zilivyo. Nimemwendesha kutoka jikoni hadi zizini, huku na huku, mara ishirini. Ng'ombe wamekimbia. Mimi nilikuwa naimba.

Jumatano, 30 Julai

Hakuna habari za Doto. Dereva amerudi, anasema aliacha ujumbe kwa msimamizi wa zamu. Asipokuja, sanamu halitoki.

Ijumaa, 1 Agosti

Hajafika. Vumbi barabarani, watu wanaanza kuja, wengine kutoka Kahama kwa baiskeli. Ngoma zinawambwa juani. Bado nina furaha ya ajabu, kama homa. Nimemfuta Kulwa vumbi mara nne.

Jumapili, 3 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Naandika sasa asubuhi, kwa mpango.

Uwanja ulijaa tangu saa tano. Sijaona watu wengi hivyo tangu meli ya kuturudisha kutoka Burma. Bagika wakaanza na eropleni yao, na mpanda farasi wa mti, na kijana anayepuliza filimbi ya polisi. Watu wote kwao. Sisi tulicheza kwa nguvu, jasho hadi machoni, na mbele yetu tulikuwa na labda watu arobaini. Askari wangu amefunikwa turubai nyuma ya ngoma. Ng'wanangwa ameweka mlinzi.

Saa nane Doto akafika, juu ya lori la marobota ya pamba. Lile la mgodini lilikuwa limemshusha Kagongwa. Aliruka chini amejaa vumbi jeupe, amenenepa shingo. Ni yeye yule. Ni wote wawili.

Ngoma zikanyamaza pande zote. Turubai likatolewa. Doto akasogea mpaka wakawa pua kwa pua, yeye na mti. Akakishika kidevu. Mama yao alikuwa ameletwa, amekaa mbele kwenye kigoda. Sikuthubutu kumwangalia.

Doto akasema, "Huyu ni mimi."

Bagika wakapiga kelele. Mtu akaja na kijinga cha moto kutoka kwa wachoma nyama, tayari kabisa. Ng'wanangwa akainua mkono. Nami sikuomba ruhusa. Nilizishika fimbo mbili nikasukuma.

Mguu wa kushoto, mkono wa kushoto. Wa kulia, wa kulia. Hatua sita kumfuata Doto, nikageuza, nikarudi. Nikaitoa ile amri ya sajenti kwa sauti yangu yote. Doto alikuwa ameshaanza kuondoka. Akageuka. Akatazama miguu. Nikaona uso wake unavunjika polepole, na hapo ndipo alipocheka, kicheko kile kile cha nje ya uzio, akashika tumbo, akakaa chini mavumbini, analia na kucheka vyote pamoja.

"Kulwa," akasema. "Kulwa we, bado hujajua tu?"

Akainuka akajipanga nyuma ya sanamu, upande mmoja kwa pamoja, anamwiga. Akatoka mtu mwingine, wa Bagika, aliyekuwa dereva wetu Burma. Akajipanga. Wakatoka wengine. Sikumwita yeyote. Wote waliokuwa Keya, Bagalu na Bagika, watu ambao tangu turudi hatujakaa benchi moja, wakapanga mstari nyuma ya askari wa mbao na kutembea vibaya kwa makusudi. Watu wakahama. Niliusikia uwanja unahama. Eropleni ilibaki inazunguka peke yake na mwenye nayo akiwa kwetu anapiga makofi.

Kijinga cha moto kilikwenda kuwashia kiko cha ng'wanangwa.

Tumeshinda. Masalu amenyanyuliwa juu juu kama aliyechonga yeye. Ningi wa Bagika anadai ushindi si halali kwa kuwa Doto ni mtu wake na alituchezea sisi jioni nzima. Wabishane. Na nasikia tayari wanatafuta gogo la mninga.

Furaha hii sijui niiweke wapi. Kabula amenifunga kitambaa mkononi. Nilichubuka kwenye fimbo, sikujua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeomba ruhusa kinuni. Nimekwenda kwa mama yao.

Alikuwa kivulini mwa ghala anachambua pamba, safi huku, chafu huku. Doto amesharudi Geita. Nilikaa chini, nikamweleza. Mto, mvua, waya mgongoni mwake. Kwamba mzinga ulipiga nyuma yangu na mimi niliendelea kutambaa mbele kwa sababu simu ilikuwa lazima ifike. Kwamba nilirudi baadaye. Kwamba tulimfunika turubai na mawe, na jiwe la kichwani niliweka mimi.

Aliuliza kama alisema neno. Hakusema. Sikutunga.

Akaokota konzi nyingine ya pamba. Halafu akasema, "Tangu urudi unaniita mama tu. Kijiji kizima, mama, mama. Mlidhani nikilisikia jina lile nitaanguka?"

Nikasema, "Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba."

Akanisogezea nusu ya rundo la pamba. Tulichambua mpaka jua likafika miguuni.