Uso wa Apolline Dirishani

Paris, 9 Machi 1862

Kaka yangu mpendwa Anselme,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mama. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa dawa za studio. Kifua cha mama kimepoa? Na mdogo wetu Apolline, anakula?

Uliniuliza kwa nini amerudi nyumbani akiwa bubu hivyo, nikakujibu amechoka. Sikusema kweli.

Mwaka jana alikuja studio ya yule mzee mpiga picha ninayemfanyia kazi, akapigwa picha moja akiwa na sketi yake ya jukwaani. Alisema picha ni ya kumpelekea mama tu. Wakati huo alicheza dansi safu ya nyuma pale jumba la Opera, hakuna aliyemjua. Wiki mbili baadaye picha ilikuwa dirishani kwetu, watu wanaigombania. Wanawake waliibandika kwenye albamu zao kando ya picha ya malkia. Wakubwa wa jukwaa wakamtoa nyuma, wakamweka mbele peke yake.

Ukumbi ulijaa. Apolline alipofika mbele, bwana mmoja akainua picha, akamtazama, akasema kwa sauti, “Siye huyu. Wangu hana makovu.” Mwenzake akadakia, “Binti, nenda kamwite dada yako mzuri.” Wakacheka. Unayajua makovu yake ya ndui. Alicheza mpaka mwisho, Anselme, hakukosea hatua hata moja. Lakini kila alipotoka walimngoja mlangoni na picha mkononi, wakimlinganisha. Mwezi haukwisha, akaachishwa kazi.

Siku anaondoka aliniambia, “Dada, yule mzee wako wa studio kanifuta uso, kauza wa mtu mwingine.” Nikamshika mkono, nikaitikia.

Kaka, si mzee. Ni mimi niliyeyafuta makovu yale kwa penseli kwenye kile kioo cha kutolea nakala za picha, moja moja, nikidhani namtendea wema. Ni mimi niliyembembeleza mzee aiweke dirishani, bila kumuuliza Apolline. Nilitaka wasichana wa kazini waone uzuri wa damu yangu. Picha bado inauzwa. Jana mama mmoja aliinunua, akauliza msichana huyu yuko wapi siku hizi. Nilimwambia simjui.

Msomee Apolline barua hii yote, usiruke neno. Asipotaka kunijibu, usimlazimishe.

Mbusu mama kwa niaba yangu.

Dada yako,
Honorine