Muulize Mwalimu Amepima Nini

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Tunduma hatujambo. Bibi yako yuko Isansa anachuma kahawa. Umeuliza kama kweli wewe ni mvivu, kama mwalimu wako anavyokuita, kwa kuwa mafua makali yaliisha miezi mitatu iliyopita na ngazi za chuo bado zinakushinda. Swali hilo limenikasirisha.

Dada yangu Tumaini aliwahi kuugua hivyo. Homa ilipokwisha, aliketi kati ya mibuni, ndoo tupu. Nikamwambia, "Inuka, malkia, kahawa haijichumi!"

Akajibu, "Kaka, chakula nakula, nguvu siioni."

Nilicheka. Juzi daktari kanieleza kwamba virusi huweza kuvuruga namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, hata homa ikishaondoka. Nimeishi kwa kazi ya kuandika maneno ya watu, na ya dada yangu niliyapuuza.

Nenda ukapimwe. Mwalimu akikuita tena mvivu, muulize yeye amepima nini.

Babu yako