Betri ya Sola Haina Kosa

Mjukuu wangu Zuhura,

Kuna jambo sijamwambia mtu: laptop yetu haikuuawa na sola. Niliinunua mbovu.

Huku Likawage hatujambo, mikorosho imeanza kuchanua. Usicheke nikikuita mjukuu kwa miaka yangu kumi na saba. Bibi yako ni dada yangu, tofauti mama tu. Umeuliza, laptop yako ikiwa imekufa, ununue ipi ya bei nafuu ya kuandikia na kusomea.

Mimi baba alinituma mjini Masoko nikanunue yetu. Mwenye duka ni mzee, rafiki wa baba. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hii mtumba, lakini ngangari!"

Nikaona haya kuomba achomoe chaja. Ningekuwa kama namwita mwongo. Nyumbani kuichomoa tu, ikazima.

Wewe amkia, kisha useme, "Naomba niitumie nusu saa bila chaja." Akikasirika, usinunue.

Baba nilimwambia kosa ni la betri ya sola. Kesho anauza mbuzi anunue betri nyingine.

Nasikia kandambili zake zinakuja mlangoni. Kila akipita nilikuwa nafunika barua hii kwa daftari. Sasa nimeliondoa.

Bibi yako mdogo,
Somoe