Gari la Kulala la Kumfikisha Rosa Kaburini Kwako

Anjelo, mla panya,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: umelala chini ya mchanga wa watu, mbali na kwenu na mbali na kwetu, huna kazi. Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini mzima, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma madarasa mawili tu, unajua, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa mwanao Zito aliyemaliza shule. Alitaka kunisaidia, nikamfukuza. Maneno yangu na wewe hayapiti kwa mtu.

Kwanza nikutukane, maana haki hiyo nilinyimwa. Mtani akifa, mtani wake anakuja kuzuia jeneza. Analala njiani, anasema huyu haendi kokote mpaka nilipwe, huyu alikuwa mvivu, alikuwa na miguu ya bata, mkewe alimvumilia tu. Watu wanalia huku wanacheka. Ndivyo mababu walivyotuachia, sisi wa pwani na nyinyi wa bara. Wewe ukaona ufe kule Montepuez, kwenye kambi ya waliokimbia vita, mimi niko Quitunda na barabara imefungwa. Wakakuzika wanalia tu, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyetaja miguu yako. Umezikwa kama mtu asiye na kwao, Anjelo. Sijakusamehe.

Mkeo Rosa amerudi Palma, anakaa kwa Zito. Zito amepata kazi ya kupika kambini kwa watu wa gesi, anajiona mkubwa. Lakini nyonga ya Rosa imeharibika, kukaa kitako kwa muda mrefu hawezi. Anataka kuja kwako, akutolee kile kijiti walichokuchomekea, akuwekee msalaba wa simenti. Alijaribu kwa chapa, zile basi ndogo za kubanana. Alifika Mocímboa tu, akarudishwa amelazwa juu ya magunia ya mihogo, analia. Na Rosa si mtu wa kulia, wewe ndiye uliyekuwa unalia. Tangu siku hiyo hasemi sana. Ananiuliza tu, “Shemeji, hivi mimi nitamwona kweli?”

Basi Zito akasikia kuna gari la kulala linauzwa. Mama atakuja amejinyoosha kitandani, akasema, kama malkia. Nikamwambia hununui hata baiskeli bila mimi kuiona. Wewe uliniachia neno hilo, mwanao asiuziwe kibovu, na mimi si mtu wa kusahau.

Gari lenyewe sasa. Ningekuwa na mate mengi ningetema papo hapo. Wazungu walitoka nalo Afrika Kusini, wakazunguka nalo dunia nzima, likawachosha, wakalitupa. Ndani kuna kitanda, kuna jiko, kuna bomba la maji dogo kama chuchu ya mbuzi, kuna mapazia ya maua. Mapazia! Mtu ana kwao, anaacha kulala kwao, anakwenda kulala ndani ya gari. Halafu hao ndio wanatuita sisi washamba.

Muuzaji kijana, Chavito, miwani myeusi, viatu vyeupe, anatembea kama aliyemeza ufagio. Akatuonyesha kilomita kwenye kioo. “Mzee, halijatembea hili, angalia mwenyewe.” Nikaangalia pedali ya breki. Mpira umelika mpaka chuma kinang’aa kama sarafu. Kiti cha dereva kimebonyea umbo la tako la mzungu, na usukani umekuwa laini kama shingo ya mtungi. Nikamwambia, mwanangu, hiyo saa yako ya kilomita ilikufa zamani, izike. Watu wakacheka. Zito akainama kwa aibu, eti namharibia biashara.

Nikaweka mkono juu ya boneti. Moto kama chungu cha wali! Kijana ameshaliwasha kabla hatujafika, ili tusione linavyoamka. Ujanja huo mimi nilikuwa naufanya hata yeye hajazaliwa, tena kwa ustadi. Nikakaa kitako kivulini nikaagiza dafu. “Mzee, tunasubiri nini?” Nasubiri lipoe. Akavua miwani, akavaa, akavua. Sikuinuka mpaka boneti imepoa kama tumbo la chura.

Likaamka kwa kukohoa, likatoa moshi wa buluu, ukakatika. Nikaagiza chai, nikaweka glasi juu ya injini kupima mtikisiko, kama tulivyokuwa tunafanya. Glasi ikatembea, ikatembea, ikafika ukingoni ikasimama. Haikuanguka. Nikainywa chai yangu. Ningelisifu, bei ingepanda.

Sasa nataka kulipeleka mchangani. Kijana akagoma. Gari halitoki hapa, anasema, mpaka alipwe. Tutajuaje linafika Montepuez, kwa kulitazama mapazia? Zito tayari anatafuta maneno matamu ya kuomba. Mimi nikauliza swali moja tu: “Wewe kwenu wapi?” Akajibu, “Mueda.”

Anjelo, nilifurahi kama mtoto. Mtu wa kwenu! Mtani wangu! Na mtani hanyimwi kitu, akichukua kuku amechukua, mwenyewe anacheka. Nikamwambia, “Ewe mla panya, gari hili langu!” nikapanda, nikafunga mlango, nikaondoka. Akanikimbilia na viatu vyake vyeupe, anapiga kelele, “Mwizi! Mnuka samaki! Rudisha gari!” huku anacheka hataki, maana soko zima lilikuwa linamtazama, na akikasirika atachekwa mpaka kwao. Zito naye anamkimbilia huyo kijana kumtuliza. Mimi huyo, njia ya Quitunda.

Kwenye mchanga ndipo nilipolijua. Makabati yakafunguka yote. Sufuria zikanipiga kisogoni, bomba likaanza kunikojolea, pazia moja likaning’inia usoni. Wanawake waliokuwa wanatoka mashambani wakakaa chini kwa kicheko. Lakini lilipanda. Lilizama mpaka ekseli, likajivuta, likatoka. Maji ya rejeta hayakuchemka. Nikaanza kuliogopa kidogo kwa uzuri wake.

Halafu gia ya tatu ikaruka.

Nikairudisha, ikaruka tena. Unajua nilikumbuka nini. Lile lori letu la chumvi, gia ya tatu ilikuwa haishiki, nawe unaendesha kutwa umeibana kwa goti la kushoto kama mtu aliyebanwa na mkojo. Mabosi wakikuuliza mbona hulipeleki kwa fundi, unasema fundi ni goti. Nilikucheka miaka yote ile. Nilikuiga siku unaumwa tu, basi.

Nikaweka goti. Ikatulia. Nikaenda nalo mpaka Quitunda na kurudi, goti limeganda pale, na jasho linanitoka machoni. Jasho, nimesema.

Niliporudi, Chavito amekaa chini, miwani ameishika mkononi. Nikashuka nikasema mbele ya watu wote: gari bovu, limechoka, shokapu maji, gia imeoza, makabati yana wazimu, mtani wangu ameokota takataka anatuuzia. Bei ikashuka kama nazi. Nikamvuta Zito pembeni nikamwambia, nunua.

Akalipa, kisha akauliza, na gia? Nikamwambia dereva ni mimi. Akasema macho yangu, akasema umri wangu, akasema atatafuta dereva wa maana. Akaleta watatu, vijana wenye karta mpya za udereva. Kila mmoja gia ilimrukia kabla hajapita msikiti. Mmoja akasema bila gia boksi mpya gari hili haliendi popote. Pumbavu. Gia boksi ya gari hilo Palma haipatikani, na Rosa hana miaka ya kusubiri meli.

Basi asubuhi naendesha, Zito amekaa pembeni kunitazamia barabara. Mchana namfundisha. Anajifunza pole pole, goti lake laini la mpishi, lakini ana miguu ya bata kama ya baba yake, inasaidia. Rosa ameshalala kile kitanda mara moja, akasema kinanuka wazungu. Kisha akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu vita vitutenganishe.

Msalaba umeshamwagwa, unakauka. Mvua zikiisha tunakuja. Mimi Mwislamu, kwenye msalaba sina neno, huo ni wa Rosa. Mimi nitalala chali mbele ya kaburi lako na sitamruhusu mtu kupita mpaka nilipwe, na nitasema yote, kuanzia miguu. Jiandae.

Kaa hapo hapo, mla panya, usinihame tena. Goti langu la kushoto limeota sugu, pale pale palipokuwa na lako. Siku ukisikia gari linakohoa huko nje, usijifanye umelala.

Ni mimi mtani wako, dereva kuliko wewe,
Sumaili