Mchi wa Kupondea Udongo

Kaka yangu Ghaith,

Shikamoo. Mimi mzima hapa Mkange, kwenye kambi ya sanaa ya watoto. Joto lake si la Maskati, hili linaganda mwilini. Tende ulizonifungia watoto walizimaliza siku ya kwanza. Mwambie mama ninakula vizuri, yanayofuata usimsomee.

Nawafundisha kufinyanga. Nilimwambia kila mtoto amfinyange mtu wa nyumbani kwake. Mosi, binti asiyesema sana, alimfinyanga baba yake wa kambo ameinua fimbo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote, nami kwa ujinga wangu nikaiweka mbele siku tuliyowaalika wazazi.

Yule bwana alijitambua. Aliikanyaga ile sanamu, akamkaba Mosi shingo, akampiga ngumi ya mdomo hadi jino likaruka.

"Unanianika mbele za watu?"

Wazazi wengine walikaa wanatazama. Nikachukua mchi tunaopondea udongo, nikampiga nao mgongoni. Alipoanguka nikampiga tena, na tena, nikasikia mbavu zinavunjika, mpaka mpishi wetu akanishika mikono.

"Mwalimu, basi. Utaua."

Yuko hospitali. Mosi sasa anakaa kwa bibi yake.

Najua utasema nimefanya vema. Lakini leo niliwaambia watoto wafinyange chochote wapendacho, na wengi wamenifinyanga mimi, nimeinua mchi. Sanamu ya Mosi ndiyo iliyofanana nami zaidi. Nikanyoosha mkono nimpapase kichwa, akajikinga uso.

Mdogo wako,
Wijdan