Maji ya Bibi Nangonga

Makote, 14 Mei 1905

Mdogo wangu Agnes,

Salamu nyingi kutoka huku juu penye upepo. Hujambo? Shemeji na watoto je? Na lile jino lako, limeng'oka au bado mnapigana? Mimi mzima, ila magoti yananung'unika kama wazee wa kanisa.

Unauliza mahubiri yanakwendaje. Yanakwenda kwa miguu, na miguu ni yangu: leo Makote, kesho kutwa kijiji cha mbele, kisha narudi, kengele mkononi kama mchunga mbuzi. Juzi mbuzi walikuja kweli. Walitulia kuliko watu, wala hawakuniuliza kwa nini sijaoa tena.

Huku Umakonde hakuna mto wala kisima. Wanawake hushuka bondeni alfajiri, wakapanda na mitungi jua likiwa utosini. Nilipotangaza kwamba anayeamini atamwagiwa maji kichwani, walicheka hadi wakakaa chini. "We Myao, watoto wana kiu, wewe unataka kumwagia mtu mzima?"

Mmoja hakucheka: Bibi Nangonga, mjane mwenye ndonya kubwa mdomoni. Namfundisha Sala ya Bwana. Kwenye mkate akanisimamisha: "Mkate siujui. Mimi nitasema, utupe leo maji yetu." Nikamwachia. Nimemwahidi ubatizo baada ya mavuno, naye ameapa kuyachota maji yake mwenyewe. Katika vijiji vyangu vyote, muumini ni huyo. Jioni hakuna wa kuniaga kwa Kiyao. Najiaga mwenyewe, nikajiitikia.

Kaka yako,
Bartholomayo

Lisekese, 30 Agosti 1905

Shikamoo kaka,

Sisi wazima, kama kulala porini ni uzima. Jino nimelisahau. Vita vimefika. Watu wananyunyiziwa maji ya dawa, wanaambiwa risasi za Wadachi zitayeyuka. Misheni ya Masasi imechomwa, wazungu wamekimbilia pwani. Na askari wanamkamata kila anayenyunyizia watu maji. Wengine wamenyongwa.

Kaka, nakuwaza wewe na huyo bibi yako. Askari gani atasimama akusikilize ukimweleza kwamba maji yako ni mengine? Usimbatize mtu. Njoo. Shemeji yako amekutengea pembe ya kibanda. Huna mke huko, huna mtoto. Unabaki kwa ajili ya nani?

Nangoja uje, si uandike.

Mdogo wako,
Agnes

Makote, 17 Septemba 1905

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru mko hai. Nimeandika badala ya kuja. Kasirika kidogo, kisha endelea kusoma.

Wapiganaji wa maji walipita hapa. Mkubwa wao akaniuliza, "Maji yako yanazuia risasi?" Nikamjibu, hata mafua hayazuii. Wakanihurumia wakaenda zao. Mmoja aliniachia muhogo.

Nikaenda kwa Bibi Nangonga kumwambia ubatizo ungoje vita viishe. Amelala, kifua kimembana. Akaniuliza, "Kumbe Mungu wako naye anawakimbia askari?"

"Mungu hakimbii, bibi. Ni mimi."

"Basi wewe kimbia, maji yabaki."

Aliyachota kabla hajaugua. Mtungi uko pembeni ya kitanda, umefunikwa majani, na hata mjukuu haruhusiwi kuonja. Nikasema basi, nitakuja kwa siri. Akakataa. "Mimi si mwizi. Nimeyapandisha mlima mchana, watu wakiniona."

Hana siku nyingi, Agnes. Nikija kwako, atakufa anangoja. Nikibaki, huenda ikawa kamba. Jumapili nitambatiza uwanjani, mbele ya kijiji. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa Kiyao, nimekitamani.

Kaka yako,
Bartholomayo

Makote, 9 Novemba 1905

Mdogo wangu Agnes,

Hujambo na kazi ya kujenga upya? Barua zako mbili zimenifika pamoja, na matusi nimeyapata kamili, asante. Nilikosa mtu wa kushuka Masasi na barua, ndiyo maana ukanililia bure.

Nilimbatiza. Kijiji kizima kilikuja, si kwa kuamini, bali kushangaa maji yakimwagwa. Nilitumia kiganja kimoja. Yaliyobaki akaamuru wapewe watoto. Kesho yake asubuhi alifariki.

Tulikuwa makaburini askari walipotokea. "Nani hapa ananyunyizia watu maji?" Nilinyoosha mkono. Walikuwa wananijia na kamba wakati jirani mmoja, aliyekuwa akinicheka kuliko wote, alipoegemea jembe lake akasema, "Huyu? Jana kammwagia bibi huyu, leo tunamzika. Kama ni dawa, mchukueni akawanyunyizie adui zenu!"

Askari walicheka. Wafiwa nao wakacheka, machozi yangali mashavuni. Wakaniacha nimesimama. Miaka yote hii nahubiri, na ushahidi ulioniokoa ni kwamba maji yangu hayafai kitu! Na waumini wangu wote nimewazika siku moja.

Kuja nitakuja kuwaona, kukaa sitakaa. Jumapili napiga kengele kama kawaida, hata kama wataitika mbuzi.

Jambo moja bado. Ukisikia huko kwamba nimemzika Agnes, usishtuke. Mimi nilimchagulia Maria liwe jina lake la ubatizo. Bibi akaniuliza, "Yule unayemwandikia kila mara, anaitwa nani?" Nikamwambia. "Nipe hilo," akasema. "Nawe uwe na mtu wa kumwita hapa."

Nilimwita mara moja tu, mbele ya watu wote. Akaitika.

Kaka yako,
Bartholomayo